Tusiseme "ni gemu tu"



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba zake. Ndugu msomaji, juma hili nimekusudia tuzungumze juu ya neno fupi ambalo hakuna nyumba isiyolisikia siku hizi. Neno lenyewe ni "ni gemu tu".

Wazazi hulitumia neno hili kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kuruhusu. Mama ana kazi jikoni, mtoto anasumbua, basi anapewa simu. Akija jirani akauliza mtoto ameinamia nini muda wote huo, jibu huwa, "Ni gemu tu." Ya pili ni ya kukemea. Simu imeharibika, au gemu aliyoicheza kwa miezi sita imefutika, mtoto analia, naye anaambiwa, "Huoni haya? Unalilia nini? Ni gemu tu." Katika hali zote mbili neno hili linatupumzisha sisi wakubwa. Huko kwanza linatuondolea wajibu wa kutazama kinachoingia moyoni mwa mtoto, na huku pili linatuondolea wajibu wa kutazama kilichokwisha kuingia.

Mtoto aliyefiwa na ndege wake

Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa habari ya Anas bin Malik (RA) juu ya mdogo wake wa upande wa mama, aliyeitwa Abu Umayr, mtoto wa Abu Talha na Ummu Sulaym (RA). Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo, mfano wa shomoro, ambaye alikuwa akimchezea. Mtume (SAW) alikuwa na desturi ya kuizuru nyumba hiyo na kufanya utani na mtoto. Imeelezwa katika baadhi ya mapokezi kwamba siku moja alimkuta ana huzuni, akaambiwa kuwa yule ndege amekufa. Mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyebeba mzigo wa umma mzima, alimwita mtoto yule kwa kun-ya, kama anavyoitwa mtu mzima mwenye heshima yake, akamuuliza habari za ndege wake.

Imamu Ibn al-Qass, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafi, aliiandikia hadithi hii risala nzima na akatoa ndani yake faida zaidi ya 60. Kwa leo inatutosha moja: huzuni ya mtoto juu ya kitu chake cha kuchezea ni huzuni ya kweli, na mkubwa hapungukiwi chochote kwa kuiulizia.

Wala mchezo wenyewe si jambo geni katika nyumba ile tukufu. Bibi Aisha (RA) alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa, na Mtume (SAW) alipomwona farasi huyo alicheka. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, naye akamsitiri Bibi Aisha huku akiwatazama mpaka alipotosheka. Kwa hiyo mjadala wetu leo hauhusu kama mtoto acheze au asicheze. Unahusu kile ambacho mchezo humwachia baada ya kuzimwa.

Kwa nini gemu huacha alama

Kata yetu ya Mkonze, kama ilivyo jiji zima la Dodoma, imebadilika sana tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku. Nyumba zimeongezeka, maduka yameongezeka, na pamoja nayo vimeongezeka vibanda vya gemu: televisheni mbili tatu, mashine za PlayStation, benchi moja, na wavulana waliobanana wakishika pedi kwa zamu. Nyumbani nako simu ya baba imekuwa ya watoto tangu anapovua viatu.

Alama inayoachwa na gemu ina sababu zake. Anayetazama filamu hutazama matendo ya wengine, ama mwenye pedi mkononi hutenda mwenyewe. Goli likiingia husema "nimefunga", na akishindwa husema "nimekufa". Tena filamu huisha kwa saa mbili, na gemu hurudiwa kila siku kwa miezi na hata miaka. Na sababu iliyo kubwa kuliko zote ni mtu anayeketi pembeni. Mtoto hukumbuka gemu pamoja na yule aliyecheza naye, sauti yake, kicheko chake na namna alivyokuwa akimdanganya apate kumfunga.

Jambo hili wazee wetu wanalijua vyema kupitia bao. Mzee aliyecheza bao na swahiba wake kwa miaka 30 chini ya mti uleule, swahiba akifariki, huweza kukaa muda mrefu bila kuligusa bao lile. Hakuna anayethubutu kumwambia kuwa ule ni ubao na kete tu. Basi kwa nini mtoto ndiye aambiwe?

Kadi iliyokuwa iuzwe

Miaka michache iliyopita kamati yetu ya msikiti iliombwa kuisaidia familia moja katika mirathi. Mama wa familia ameniruhusu kukieleza kisa hiki bila kutaja majina.

Marehemu alikuwa fundi mwashi. Aliacha mke, mama mzazi, mtoto wa kiume wa miaka 12 na binti mdogo. Kwa elimu ya mirathi hesabu yake ni nyepesi: mke hupata thumuni, yaani 1/8, mama hupata sudusi, yaani 1/6, na kinachobaki, ambacho ni 17/24, huwaendea watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Lakini kabla ya mgao hulipwa madeni, na marehemu alikuwa na deni la vifaa vya ujenzi alivyokopa dukani. Baba mdogo wa watoto, aliyepewa usimamizi, alifanya kama ipasavyo. Aliorodhesha kila kitu: baiskeli, vyombo vya kazi, mbuzi, televisheni, na PlayStation 2 ya zamani. Hii ya mwisho ilikwisha kupata mnunuzi, mwenye kibanda cha gemu, aliyeitaka pamoja na pedi zake mbili na kadi yake ya kuhifadhia kumbukumbu.

Mtoto hakulia. Alimfuata baba yake mdogo, akamwomba kwa adabu mashine iende lakini kadi ibaki. Baba mdogo akamjibu kwa upole, "Ni gemu tu, mwanangu. Mungu akijaalia nitakununulia nyingine."

Mtoto akasema, "Baba mdogo, baba yumo humo."

Tuliokuwapo tulishituka. Mmoja alileta istighfari, mwingine akaona kuwa huzuni imemzidi mtoto akili. Ustadh wake wa madrasa ndiye aliyeketi naye mkekani akamuuliza, "Yumo vipi? Hebu tuoneshe." Televisheni ikawashwa.

Gemu ile ilikuwa ya mpira, ya kampuni ya Konami ya Japani, ambayo vijana wanaijua kwa jina la PES. Ndani yake mchezaji anaweza kuunda timu, akabadilisha majina ya wachezaji, urefu wao, kasi yao na nafasi zao, na yote hayo yakahifadhiwa katika kadi ndogo ya megabaiti 8. Marehemu na mwanawe, kwa mechi moja kila usiku baada ya Isha, walikuwa wameunda timu ya ukoo mzima. Jina la timu ni Mkonze. Golini, jezi namba 1, ni baba. Mshambuliaji, jezi namba 9, ni mtoto. Mama ni kiungo. Baba mdogo mwenyewe yumo, winga wa kushoto, amepewa kasi ambayo hakujaaliwa hapa duniani. Bibi, mama yake marehemu, anacheza beki wa kati, naye amepewa urefu wa mita mbili.

Bibi alilitazama jina lake kwenye kioo, akacheka, kisha akajifunika uso kwa kanga. Baba mdogo alitoka nje akakaa huko kitambo.

Ustadh akamuuliza mtoto swali moja zaidi, kwamba huwa anacheza vipi sasa. Akajibu kuwa huichagua timu hiyo na kushindana na timu nyingine zote, lakini hamruhusu mtu yeyote kuichagua ile nyingine ikawa mpinzani wake, na wala yeye hachezi dhidi yake. "Sitaki kumfunga baba," alisema.

Hapo mama wa watoto akaeleza kuwa mashine ile mumewe alimpa mtoto siku alipohitimu Juzuu Amma, mbele ya majirani wawili. Wakaitwa, wakathibitisha. Hiyo ni hiba. Kitu ambacho baba amempa mwanawe mdogo katika uhai na afya yake kimekwisha kuwa mali ya mtoto, na hakiingii katika mali ya urithi. Mashine ikafutwa katika orodha pamoja na pedi na kadi yake. Deni likalipwa kwa mbuzi na vyombo vya kazi, na aliyefurahi kuliko wote kwa hukumu hiyo alikuwa baba mdogo.

Sikieleze kisa hiki ili tuitukuze mashine. Marehemu hayumo katika kadi, na mtoto alifahamishwa hivyo siku ileile kwa maneno anayoyaweza. Ustadh alimkumbusha mafundisho ya Mtume (SAW) kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na moja ya hayo ni mtoto mwema anayemuombea dua. Akamwagiza kila anapoiwasha gemu ile aanze kwa kumuombea baba yake. Kabla ya siku hiyo hatukuwa na habari ya kilichokuwa kikimsumbua mtoto yule, na tulikijua kwa sababu alipatikana mtu mzima mmoja wa kumuuliza.

Mwana wa kambini

Mtu anaweza kusema kuwa hicho ni kisa cha nyumba moja. Basi tutazame kwa jirani zetu wa Uganda. Yuko kijana wa Sudan Kusini aitwaye Lual Mayen, ambaye wazazi wake waliikimbia vita, naye akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda kwa miaka 22. Alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza aliitamani. Mama yake, mkimbizi asiye na kitu, alidunduliza kwa miaka mitatu mpaka akafikisha dola 300, akamnunulia kompyuta ya kupakata. Kambini hapakuwa na umeme, kwa hiyo kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji.

Katika kompyuta hiyo alikutana na gemu ya Grand Theft Auto: Vice City, ambayo imejaa uhalifu na bunduki. Lual aliona namna gemu inavyoweza kuushika moyo wa kijana, akajiuliza kwa nini nguvu hiyo isitumike kwa amani, hasa kwa watoto wa kambini ambao bunduki walizijua kwa macho yao. Akajifundisha mwenyewe kutengeneza gemu, akaunda moja mwaka 2016, na wenzake kambini wakaigawana kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Gemu hiyo aliipa jina ambalo sisi hulitamka kila siku: Salaam. Anayecheza huwa mkimbizi anayekimbia vita, anayehitaji maji, chakula na dawa ili afike kwenye amani. Mwaka 2018 Lual alitambuliwa mbele ya dunia katika hafla ya tuzo za gemu huko Marekani.

Tuzingatie jambo moja. Gemu aliyoanza nayo kijana huyu ni ileile ambayo watoto wetu wengi huicheza vibandani, yeye na ndugu zake wa gemu hiyo. Iliyomfikisha kwenye kheri ni kuwa alitafakari alichokiona, na nyuma yake alikuwapo mama aliyeichukulia hamu ya mwanawe kuwa ni jambo zito.

Upande wa madhara

Kitu kinachoweza kubeba mapenzi ya baba kinaweza pia kubeba sumu, nayo ikakaa moyoni muda uleule. Mtoto aliyezoea kwa miezi kumpiga risasi mtu aliyeinua mikono hawezi kuachwa bila kuulizwa kwa hoja kuwa ni gemu tu. Anayecheza kwa intaneti husikia sauti za watu asiowajua, na wengine wao ni watu wazima wenye matusi na nia mbaya. Na zipo gemu zilizotengenezwa makusudi ili mchezaji asitosheke, kila akifika mahali adaiwe fedha ili aendelee.

Shirika la Afya Duniani nalo limelitambua jambo hili. Katika orodha mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, kucheza gemu kwa namna ya kushindwa kujizuia kumeorodheshwa kuwa ni maradhi. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujipangia muda wa kucheza, gemu hutangulia mbele ya mambo yake mengine yote, na huendelea kucheza hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Anayefikia hapo anahitaji daktari na subira ya wazazi, na viboko havitamponya. Walio wengi miongoni mwa watoto wanaopenda gemu hawajafika huko, na si haki kuwaita wagonjwa.

Tufanye nini?

Kwanza, mzazi aketi na mwanawe walau mara moja kwa juma atazame anachocheza. Amuulize gemu hii inahusu nini, anacheza na nani, na leo kimemfurahisha nini au kimemuudhi nini. Baba anayeweza, achukue pedi acheze mechi moja. Atafungwa magoli mengi, na hilo litakuwa zawadi kwa mtoto.

Pili, wakati wa swala, wa madrasa na wa kulala ujulikane mapema. Mtoto aambiwe kabla, "Ukimaliza mechi hii, udhu." Kuchomoa waya katikati ya mchezo humfundisha mtoto chuki, na ubaya ni kwamba chuki hiyo ataiambatanisha na swala.

Tatu, desturi ya vibandani kwamba anayefungwa ndiye anayelipia wote wawili, ni jambo la kuhadhari sana. Wanazuoni wengi wanaiona kuwa ni sura ya kamari, kwa sababu kila mmoja huingia akiwa hajui kama atalipa au atanusurika kwa hasara ya mwenziwe. Njia iliyo salama ni kila mmoja kulipa sehemu yake kabla ya kuanza. Kamati yetu ilizungumza na kijana mwenye kibanda kilicho karibu na msikiti, kwa wema na bila vitisho, akakubali utaratibu huo, na akakubali kutopokea watoto saa za madrasa.

Nne, tumjue anayekwenda na mtoto. Katika kisa cha Nabii Yusuf (AS) tunajifunza kuwa ndugu zake walipomwombea kwa baba yao ruhusa ya kwenda kucheza, Nabii Yakub (AS) hakuulaumu mchezo. Hofu yake ilikuwa juu ya mbwa mwitu, na juu ya wale wanaompeleka kughafilika naye. Mbwa mwitu wa leo huingia kwa njia ya simu, na mtoto yuko palepale sebuleni.

Tano, tusiuze, tusifute wala tusigawe kitu cha mtoto bila kumwambia, hata kama kwetu kinaonekana takataka. Nyumba iliyopata msiba, talaka au safari ndefu ya mzazi izingatie hilo zaidi. Huenda katika simu iliyopasuka kioo mna sauti ya mtu, au timu, au nyumba iliyojengwa na watoto wawili ambao sasa wanaishi mbalimbali. Kumuuliza mtoto hakutatugharimu hata shilingi moja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awalee mayatima wetu kwa ulezi mwema, na atujaalie macho ya kuyaona yaliyomo vifuani mwa watoto wetu kabla hawajawa watu wazima wanaotuficha. Aamiin.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.